Kikombe Alichoniazima Wifi

Nilipoliona lile kabati mara ya kwanza nilikuwa bado na vumbi la Karagwe kwenye kope, mtoto mgongoni, sufuria kichwani. Kabla sijamsalimia wifi yangu, macho yalikuwa yameshampita yakaenda kukaa sebuleni. Kabati la vyombo, la mbao nyeusi, milango miwili ya kioo, na ndani yake vikombe kumi na viwili vya chai, ukingo wa dhahabu, vimepangwa kama wanakwaya. Wifi akanikumbatia na kulia kwa furaha. Mimi nilimkumbatia huku nahesabu vikombe juu ya bega lake.

Niseme ukweli, maana nimezeeka na uongo unachosha. Sijapata kumwonea mtu wivu kama nilivyomwonea wifi yangu miezi ile ya mwisho ya mwaka tisini na nne. Na msinidhanie kwamba nilikuwa sijui niko wapi. Ilikuwa Gatsata, Kigali, mwezi wa nane. Mvua ikinyesha tu, mitaro ilitoa mambo ambayo hakuna aliyetaka kuyatazama, na watu walikuwa bado wanazika. Katika mji ule, wakati ule, mimi nilipata nafasi moyoni ya kuonea wivu vikombe.

Huyu wifi ni dada mkubwa wa mume wangu. Mjane, ana mabinti wawili. Wote sisi tulizaliwa Karagwe, watoto wa wakimbizi waliovuka mpaka kutoka Rwanda kabla hatujazaliwa, na kule tulikuwa sawa kama vidole vya mkono mmoja. Alikuwa na vikombe vya bati, nilikuwa na vikombe vya bati. Birika lilikuwa moja, likilala kwake leo, kesho kwangu. Tuliokoka katika mkutano mmoja, tukatubu siku moja, tukaacha ugoro siku moja. Ila mimi ndiye niliyekuwa na ulimi, kwa hiyo ndiye niliyeombwa kuwafundisha akina mama. Na somo langu, Mungu anisamehe, lilikuwa mali. "Mali ni kamba, mama zangu," nilikuwa nawaambia. "Mwenye ng'ombe anadhani amemfunga ng'ombe, kumbe ng'ombe ndiye aliyemfunga yeye." Wanasema amina, wanatikisa vichwa, na wifi yangu mbele kabisa akitikisa kuliko wote. Jamani, kuachilia usichokuwa nacho, hakuna kazi rahisi kama hiyo.

Basi tukarudi nchini ambako hatukuwahi kuishi. Siku ya pili tu nikajiaibisha. Jirani mmoja, mama aliyekulia Bujumbura, alinisimamisha uani akaniuliza, "Mwabohoje?" Mimi Kinyarwanda changu ni cha nyumbani kwa mama yangu. Kwetu kubohora ni kumfungua mbuzi kamba, au ni kile Yesu anachomfanyia mwenye dhambi. Nikafurahi kupata ndugu wa imani mapema hivyo. Nikainua mkono juu: "Yarambohoye! Alinifungua mwaka wa themanini na sita, dhambi zote, hata ugoro!"

Yule mama alinikodolea macho, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. Ndipo wifi alipotoka akanieleza, naye machozi ya kicheko yanamtoka. Mjini mwaka ule, kubohoza ni kuingia katika nyumba uliyoikuta tupu ukaifanya yako, pamoja na kitanda, sufuria, na chochote kilichomo. Wanasema nyumba imefunguliwa. Kuanzia hapo mpaka Nyabugogo chini nikawa naitwa Yarambohoye. Nikienda kununua viazi: "Haya, Yarambohoye, leo umefunguliwa nini?"

Wifi yeye alikuwa amefika wiki mbili kabla yetu, akabohoza akiwa na nafasi ya kuchagua. Sisi tuliochelewa tukapata mifupa. Nyumba yetu haikuwa na mlango, haikuwa na madirisha, hata swichi za taa walikuwa wameng'oa. Kilichobaki ni misumari ukutani, na chini ya kila msumari alama nyeupe ya mraba mahali picha ilipokuwa. Nilitundika kanga zangu kwenye misumari ile. Picha zilikuwa za nani sikuuliza, na wifi naye hakuuliza vikombe ni vya nani. Siku zile hakuna aliyeuliza.

Mume wangu alipata kazi gereji hapo hapo Gatsata, akatengeneza mlango kwa mabati. Alifurahi nao kweli. "Tuna mlango sasa," akasema. Nikamjibu, "Dada yako ana kabati." Akanitazama. "Mama, hilo kabati limekufanya nini?" Ningesema nini? Kwamba nikifumba macho naona ukingo wa dhahabu?

Ibada zetu za ushirika zilikuwa Alhamisi mchana, na kwa nani? Kwa wifi. Ndiye aliyekuwa na makochi. Kwangu ndugu wangekaa juu ya nini, misumari? Kwa hiyo kila Alhamisi nilipanda kale kamlima, nikaketi kwenye kochi la wifi, nikanywa chai ya wifi katika kikombe cha wifi, nikisikiliza ndugu wakimsifu wifi kwa ukarimu wake. "Mungu amembariki dada yetu," wanasema. Mimi nasema amina kwa meno ya mbele tu. Na ili nife kabisa, alikuwa anapenda kuvaa kanga moja iliyoandikwa Mwenye wivu ajinyonge. Kanga hiyo nilimpa mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, siku ya harusi yangu. Alikuwa anaivaa kwa sababu anaipenda. Mimi niliisoma kila Alhamisi mgongoni mwake akienda jikoni na akirudi.

Sisi watu wa uamsho tuna desturi yetu. Dhambi haifichwi, unasimama mbele ya wenzako unaitaja kwa jina lake, na kama umemkosea mtu aliyemo humo, unamgeukia yeye. Tunaita kuweka nuruni. Na mlango wa kuingilia ni mmoja, hakuna anayeuruka: unasema "Bwana asifiwe, mimi nimeokoka," ndipo unaendelea. Nilisimama kila Alhamisi. Niliweka nuruni kwamba nilimjibu mume wangu vibaya. Niliweka nuruni kwamba nilimlaani kuku wa jirani. Nilichimbua dhambi za Karagwe zilizokwisha kusamehewa nikazileta tena. Wivu sikuutaja. Mficha uchi hazai, najua, lakini yule wa kumgeukia alikuwa amekaa palepale na birika mkononi, ananitabasamia, akiuliza, "Wifi, nikuongeze?"

Alhamisi moja ya mwezi wa tisa nilijitolea kuosha vyombo. Nilikuwa peke yangu uani na beseni. Kimoja kati ya vile vikombe kilikuwa na dosari: mdomo umemeguka kidogo, na chini kwenye kitako kulikuwa na mstari mwekundu wa rangi ya kucha, umepakwa ovyoovyo. Nikajiambia, hiki kibovu, hakuna atakayekitafuta. Nikakikausha vizuri, nikakifunga kwenye pindo la kanga, nikarudisha kumi na kimoja kabatini na kuvitawanya ili pengo lisionekane. Nikaaga. Nikashuka kilima na kitu kile kinanigonga pajani kila hatua.

Nyumbani nilikificha chini kabisa ya mfuko wa nguo za mtoto. Sikukinywea chai hata siku moja. Nilikuwa nakitoa mchana watoto wakiwa nje, nakitazama, nakirudisha. Mwizi mjinga kama mimi sijapata kumsikia.

Alhamisi iliyofuata wifi aligawa chai kama kawaida. Watu walikuwa kumi na wawili pamoja naye. Alipofika zamu yake akachukua kikombe cha plastiki cha mabinti zake. Mmoja akamtania, "Dada, mwenye nyumba ananywea plastiki?" Akacheka: "Hivi vya kizungu vidogo, havinitoshi mimi." Nikachukia. Nikasema moyoni, nyoo, sasa anajionyesha na unyenyekevu! Hata unyenyekevu nikamwonea wivu.

Mwezi wa kumi, asubuhi moja baada ya mvua, nilikuwa chemchemini bondeni nimetega dumu langu. Akaja mama mmoja mwembamba, amevaa koti la kiume, kiatu cha kulia na cha kushoto si pea moja. Alisalimia kwa adabu. Akaniuliza kama naijua ile nyumba ya mlango wa buluu, pale juu nyuma ya gereji.

"Naijua sana," nikasema.

"Ina watu?"

"Ina watu."

"Na kabati la vioo, bado lipo?"

"Lipo, mama. Zima kabisa."

"Ni nyumba yangu," akasema. Alikuwa amekaa miezi kwa watu waliompokea upande wa Masoro, na hii ilikuwa mara yake ya tatu kufika hapo bondeni na kurudi. Alikuwa anaogopa kubisha peke yake. Wapo waliobisha kwenye milango yao wenyewe wakafukuzwa kwa matusi.

Laiti ningesema nilimhurumia. Nilifurahi! Aliye juu mngoje chini, na mimi nilikuwa nimengoja tangu mwezi wa nane. Nikamwambia, "Usiogope, mama yangu, haki ni haki. Nitakusindikiza mwenyewe mpaka mlangoni." Nilipanda ule mlima kama naenda harusini, dumu langu nimelisahau chemchemini linamwagika.

Njiani, ili kumpa moyo, nilimwambia kwamba wenye kukaa mle ni watu wa Mungu, tunasali pamoja. Akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nimeokoka." Alisema kwa Kinyarwanda, na kwa Kinyarwanda neno hilo ni lilelile la kanisani, kama lilivyo kwa Kiswahili.

"Bwana asifiwe!" nikadakia. "Tangu lini?"

"Mwezi wa nne."

"Haleluya! Bado mchanga kabisa! Na nyumbani kwako mmeokoka wangapi?"

"Peke yangu."

"Usivunjike moyo, mama. Hata mimi kwetu nilianza peke yangu. Na hao wengine wataokoka tu, kila mmoja na wakati wake. Tutawaombea."

Alisimama. Alinitazama muda mrefu, usoni hana hasira, hana kitu. Kisha akaendelea kupanda. Nikadhani mlima umemchosha. Akili yangu ilikuwa imeshatangulia, inamtazama wifi akifungua mlango.

Akafungua, na ile kanga yake mwilini. Mimi nikasimama pembeni, mikono nimeikunja, nangoja. Nilitaka aseme neno moja baya tu, neno moja la kung'ang'ania, ili nipate la kusema kwa ndugu Alhamisi. Wifi alimtazama yule mama, akatazama koti, akatazama viatu. Hakuuliza wewe ni nani. Alivua ufunguo uliokuwa shingoni kwake kwa kamba, akauweka kwenye kiganja cha yule mama, akakifunga kiganja chake kwa mikono miwili.

"Karibu nyumbani kwako," akasema. "Nipe siku ya leo tu nitoe vitambaa vyangu."

Basi! Hata kulia hakulia. Nilikasirika, wallahi, nilikasirika kama mtu aliyealikwa karamu akakuta masufuria yameoshwa. Mwalimu wa kuachilia kule Karagwe nilikuwa mimi, na aliyeachilia alikuwa yeye, mlangoni, kwa muda wa kuvua kamba shingoni. Wivu wangu ulihama palepale. Uliacha kabati lake ukaushika moyo wake, na hapo umeng'ang'ania mpaka leo.

Mama yule hakutazama makochi, hakutazama vyumba. Alikwenda moja kwa moja kwenye kabati, akafungua kioo, akaanza kutoa vikombe. Kila kimoja anakigeuza juu chini, anakitazama kitako, anakiweka mezani. Alipofika cha kumi na moja akaingiza mkono ndani, akapapasa ubao mtupu.

"Kimoja sikioni," akasema. "Kina rangi nyekundu chini. Vingine chukueni, sivihitaji, chukueni vyote. Hicho kimoja ni cha binti yangu mkubwa. Alichukua rangi yangu ya kucha akakitia alama, ili wadogo zake wasikinywee. Nilimchapa kwa ajili hiyo."

Hapo ndipo maneno yake ya njiani yalinirudia. Mwezi wa nne. Peke yangu. Kuokoka kwake kulikuwa kunusurika na mauaji. Kisha nikajisikia mwenyewe, na sauti yangu ile ya kufundishia: wengine wataokoka tu, tutawaombea. Nilitaka ardhi ya Gatsata ipasuke initie ndani, na hata hivyo mdomo wangu haukufunguka. Nilisimama pale nikiwa najua kikombe kiko wapi, na mama wa mtoto anapapasa ubao.

Wifi hakunigeukia. Alikuwa anafuta meza isiyokuwa na vumbi. "Ah, kile nilimwazima wifi yangu huyu," akasema, kama anazungumzia chumvi. "Wifi, kimbia basi ukamletee mama kikombe chake."

Alijua. Alijua tangu ile Alhamisi ya plastiki, na alikuwa amenywea plastiki majuma yote yale ili hesabu itoshe, nisiaibike mbele ya watu. Nilikimbia. Nilishuka na kupanda ule mlima nikilia kwa sauti, watu wa gereji wananitazama, mmoja akapiga kelele, "Yarambohoye, kuna nini?"

Mama yule alikipokea kwa mikono miwili. Akakigeuza, akapitisha kidole gumba juu ya ule mstari, taratibu, mara nyingi.

"Umekinywea?" akaniuliza.

"Hapana, mama."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

"Sasa ulikiazima cha nini?"

Jibu la kweli ni kwamba sikukitaka. Nilitaka tu kisiwe cha wifi.

Jioni ile wifi alipoanza kufunga mizigo, mama alimzuia. Alisema nyumba ina vyumba vitatu na yeye hawezi kulala humo peke yake. Kama hawaoni vibaya, wakae. Wakakaa. Na mimi niliposikia, aibu yangu haijakauka bado, kitu kidogo ndani yangu kikasema: kumbe kabati linabaki kwake! Ndivyo nilivyo. Moyo wa binadamu hauna haya.

Alhamisi ikafika. Wifi alimwalika mama akae nasi, akaja akaketi mwisho wa kochi, kile kikombe mkononi, hakuruhusu kitiwe chai. Watu walishuhudia mmoja mmoja, kila mtu na lake, mpaka zamu ikanifikia.

Nikasimama. "Bwana asifiwe," nikasema.

"Asifiwe," wakajibu.

"Mimi…"

Neno linalofuata nimelisema maisha yangu yote, hata usingizini ningelisema. Nikamtazama yule mama, nikatazama mstari mwekundu chini ya vidole vyake, na neno likanikwama. Ndugu wakangoja. Mmoja akadhani nimesahau, akaninong'oneza, "Nimeokoka." Wifi kwenye mlango wa jikoni alikuwa anatikisa kichwa polepole, ananiambia kwa macho niache, yameshapita.

"Mimi," nikasema, "kile kikombe sikuazimwa. Nilikiiba. Nilimwonea wifi yangu wivu, nikakiiba, na wifi amesema uongo kwa ajili yangu."

Hakuna aliyesema amina. Nikabaki nimesimama, sijui niende wapi, maana siku hiyo nilikuwa nimeketi mkekani, mbele ya miguu ya watu wote. Yule mama akahamishia kikombe mkono wa pili. Akasogea kidogo, akapigapiga kochi kwa kiganja, mahali palipobaki pembeni yake, akaniambia, "Kaa."